Siku sita Mlima Nyiru, na lita 27 za maji mgongoni

Nikisema nimepanda Nyiru watu huskia Nyeri. Si Nyeri. Nyiru, wengine huandika Nyiro, uko kaunti ya Samburu kule mwisho kabisa, ukiupita tu unakaribia Ziwa Turkana. Urefu wake mita 2,752, yaani karibu sawa na Longonot yenye 2,776, na hapo ndo nilijidanganya. Longonot nimepanda mara tatu na watoto wa shule, nikajiambia basi hii nayo ni kitu ya asubuhi, saa nane mchana niko chini nakula chapo. Nikasahau Longonot gari inakufikisha mita elfu mbili na kitu kabla hujatoa mguu nje. Nyiru unaanzia chini kwa vumbi, mita elfu moja na kitu hivi, alafu hakuna geti, hakuna ngazi, hakuna mtu wa kuuza soda pale juu.

Tulikua watatu. Mimi, mwalimu, likizo ya Agosti. Binamu yangu ambaye hakuna kitu anaogopa na hiyo ndo shida yake. Na rafiki yetu mmoja mhasibu, mtu wa kuandika kila shilingi kwa simu, hadi ile kumi ya choo pale Nyahururu aliiandika.

SIKU YA KWANZA, Nakuru hadi Maralal

Hii siku sina mengi. Nyahururu, Rumuruti, alafu unaingia Samburu na unaanza kuona ngamia kando ya barabara na watu wamevaa shuka. Tukafika Maralal jioni, baridi kama Limuru. Nyumba ambayo Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini 1961 iko hapo mjini, nilitaka sana kuiona, lakini binamu alikua ameshaanza kuulizia lori la kesho na ukimwacha huyo peke yake anakupandisha kitu yoyote yenye magurudumu.

Tukanunua vitu. Sukari kilo nne, majani ya chai, tumbaku, hizo ni za wazee, tuliambiwa usiende kwa watu mikono mitupu na ni kweli. Alafu maji. Sasa hapa nataka mnielewe, nilikua nimesoma sana kuhusu joto la huko, bonde la Suguta liko hapo chini ya huo mlima upande wa magharibi na ni moja ya mahali pa joto kabisa Kenya, nikaingiwa na uoga wa kufa na kiu. Nikasema kila mtu lita tisa. Mhasibu akapiga hesabu, lita 27, kilo 27. Muuza duka akatuuliza tunaenda wapi na hizo jerikeni zote, tukamwambia Nyiru, akaangalia mwenzake, wakaangaliana, akasema sawa. Hakusema kitu kingine. Ningekua na akili ningemuuliza kwa nini anacheka na macho.

SIKU YA PILI, Maralal hadi Tuum

Lori ilikua ya kubeba unga na saruji, sisi tukakaa juu ya magunia pamoja na mbuzi wawili, mama mmoja na mtoto wake, na kijana alikua anarudi kwao Baragoi na godoro. Hiyo barabara, walahi, sijui niielezeje. Unarushwa juu, ukishuka gunia limesogea, unatua kwa mbuzi. Yule mama alikua amefunga mtoto mgongoni na mtoto amelala fofofo safari nzima na mimi hapo nashika kamba kwa mikono miwili nikiomba.

Hapo karibu na Poro dereva akasimama kupoza injini, na ukitembea kidogo pembeni kuna mahali panaitwa Losiolo, ukingo wa Bonde la Ufa. Jamani. Dunia inaishia hapo. Unasimama kwenye majani mabichi na baridi inakupiga alafu chini huko, chini sana, ni jangwa tupu rangi ya kutu inaenda hadi macho yanachoka. Binamu akakaa kwa ukingo miguu inaning'inia, nikamwambia kama anataka kufa asubiri tumalize safari maana pesa ya chakula tumechanga pamoja.

Baragoi tukafika saa tisa. Mji mdogo, Wasamburu na Waturkana, na wanajeshi na polisi wengi kuliko nilivyozoea kuona. Mwaka 2012 mwezi wa Novemba polisi zaidi ya 40 waliuawa kule Suguta wakifuata ng'ombe walioibwa, na watu wa hapo hawaongei hiyo hadithi na mgeni, ukiuliza wanabadilisha mada. Sikuuliza mara ya pili. Lakini niliona kitu, kila mtu hapa akiongea habari ya ng'ombe sauti inabadilika, inakua ya chini na ya haraka.

Kutoka Baragoi tukachukua bodaboda tatu hadi Tuum, kijiji cha chini ya mlima, moja moja na jerikeni zimefungwa nyuma na mpira. Yangu ilianguka mara mbili kwa mchanga wa laga, yaani mto uliokauka, polepole tu, unalala chini unaamka unapangusa. Na mbele huko mlima ukaanza kuonekana. Mimi nilitarajia jiwe la jangwa, kitu kikavu. Chini kweli ni kikavu, miamba na miiba, mteremko umesimama kama ukuta, lakini juu kabisa ilikua nyeusi. Nikamuuliza dereva huo weusi ni nini. Akasema, msitu. Na juu ya msitu wingu limekaa kama kofia, anga lingine lote halina hata kipande. Nikaangalia jerikeni yangu.

Usiku tukalala kwa boma la mzee mmoja, tulielekezwa kwake na watu wa Baragoi. Tukampa sukari na majani na tumbaku, tukamwamkia "apaiya" kama tulivyofundishwa, akafurahi. Kijana wake, sasa si kijana ni baba wa watoto watatu, ni wa rika la Lkishami lile lilianza 2005, ndo angetuongoza. Binamu akawa anamwita gaidi, si mnajua vile tumezoea kukopa neno la Kiingereza, guide, na kulimalizia na i, nikamvuta pembeni nikamwambia wewe, barabara yote hii ni vizuizi vya polisi, ukiita mtu gaidi kwa sauti tutalala ndani wote. Basi tukamwita mwenyeji.

Mzee akatuuliza swali moja, mwenyeji akatafsiri: mnaenda juu kutafuta nini?

Tukaangaliana. Binamu akasema, kuona tu. Mzee akauliza, mmepoteza ng'ombe? Hapana. Mnataka asali? Hapana. Mnaenda kuomba? Maana huo mlima ni mtakatifu kwao, Wasamburu hata wakiwa mbali wakiomba hugeukia Nyiru. Nikasema hapana, tunaenda kufika kilele alafu turudi. Mzee akanyamaza, akatema tumbaku, akaongea na mtoto wake Kisamburu kitambo kirefu, kirefu sana, wakicheka kidogo. Mwenyeji akageuka akatuambia: mzee anasema sawa.

SIKU YA TATU, Tuum hadi juu msituni

Saa kumi na moja na nusu asubuhi tuko njiani. Mwenyeji amevaa sandali za tairi, shuka, ana panga, fimbo, na kamba ndefu amejifunga kiunoni. Hiyo kamba ilinifurahisha na kunitisha, nikajua leo kuna mahali pa kupanda na kamba. Chupa ya maji hana. Nikamwonyesha jerikeni nikamuuliza, wewe maji yako wapi? Akanyoosha mdomo kuelekea juu.

Saa ya kwanza ilikua sawa, migunga na mawe. Saa ya pili njia ikaisha. Si kwamba ilipotea, iliisha, ikawa ni kupanda tu katikati ya mawe makubwa yenye kokoto juu yake, unaweka mguu unateleza nusu ya ile hatua umepiga. Kuna miiba pale imepinda kama ndoano, ukijaribu kwenda mbele inakushika shati, ukijaribu kurudi inakushika suruali, inabidi usimame mtu akutoe mwiba mmoja mmoja kama mtoto. Jua likatoka nyuma ya mlima saa tatu hivi na kuanzia hapo ikawa tanuru, mawe yanatoa joto chini na jua juu. Kilo tisa za maji mgongoni pamoja na hema na chakula. Nikinywa napunguza mzigo, hiyo ndo ilikua hesabu yangu, kwa hivyo nikanywa sana, na nikinywa sana natapika. Mwalimu mzima natapika kwa mwamba mbele ya watu, haki.

Kitu kingine niliona siku hiyo ni vile mwenyeji alikua anasimama kila penye mavi ya ng'ombe. Anayaangalia, wakati mwingine anayavunja na fimbo aone ndani. Mhasibu akasema labda anaangalia kama kuna nyati, maana nyati wako huku juu, na chui pia. Tukaogopa kidogo, tukawa tunatembea karibu karibu.

Saa sita hivi tukapita mstari. Siwezi kusema vingine. Nyuma ni jangwa, mbele ni mti wa kwanza mkubwa wa mtarakwa, na kivuli, na upepo wa baridi ukanigusa shingo. Hatua hamsini hivi. Alafu nikaskia sauti, nikafikiri ni upepo kwa majani, nikaendelea, kumbe ni maji. Kijito. Maji safi yanatiririka juu ya mawe huko juu kwa mlima wa jangwa, na ng'ombe sita wamesimama ndani yake wananiangalia.

Kando yao mtoto wa kama miaka kumi, mchungaji, na fimbo ndogo. Akaangalia jerikeni zetu tatu. Akauliza kitu, mwenyeji akacheka hadi akakaa chini. Nikasema tafsiri. Hakutaka. Nikasema tafsiri. Akasema, mtoto anauliza kama hayo maji yenu ni dawa.

Basi ndo nikafundishwa na mimi mwalimu. Watu wa huku kiangazi kikikaza hawashuki kutafuta maji, wanapanda. Chini ni kukavu, juu ndo kuna nyasi, kuna maji, kuna mizinga ya nyuki imechongwa kwa magogo na kuning'inizwa kwa miti. Ng'ombe wanapandishwa hii hii njia niliyotapika. Ng'ombe! Wanapanda! Mimi nilikua nabeba maji kutoka duka la Maralal kuyapeleka mahali Maralal yote ingetamani kuchota.

Binamu akataka tumwage. Mhasibu akakataa, alikua amelipia. Tukalala kwa uwanja wa nyasi katikati ya msitu, mwenyeji akawasha moto, na usiku baridi ikaja ile ya kuingia kwa mifupa, na mimi nimebeba blanketi ya Kimaasai moja tu nyepesi kwa sababu naenda jangwani. Nilivaa soksi kwa mikono.

SIKU YA NNE, Mowongosowan

Hiyo ndo ncha yenyewe ya juu kabisa, Mowongosowan, mwenyeji alituambia ni pembe ya nyati. Ukiwa mbali unaona kwa nini. Ukiwa karibu huoni kitu, kwa sababu ya ukungu.

Tuliamka kila kitu kimelowa na hakukua na mvua. Ni lile wingu, lile kofia, limeshuka likakaa ndani ya msitu na miti inalikamua, matone yanaanguka kutoka kwa majani na kutoka kwa zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwa matawi. Hivo ndo kile kijito kinapatikana. Mhasibu akatoa kopo akaliweka chini ya tawi ajaribu, dakika kadhaa likawa na maji ya kuosha uso. Akakubali kumwaga jerikeni moja. Moja tu.

Kutoka kambi hadi chini ya pembe ni kama mwendo wa saa tatu, na hiyo ni kwa sababu hakuna njia, mwenyeji anakata na panga, unapita chini ya magogo yameanguka yana ukoga, unainama, unatambaa, bagi inashikwa na mti. Ndani ya msitu huwezi kujua unaenda juu ama unazunguka. Mwenyeji alikua anasimama anapiga mluzi, mluzi mmoja mrefu unapanda mwisho, alafu anaskiza. Nikafikiri ni kujulisha nyati tunapita wasishtuke. Nikamwambia binamu, ona mtu mwenye ujuzi.

Alafu msitu ukakatika na mbele ni jiwe. Jiwe tupu, limelowa, limesimama, pande zote mbili ukungu mweupe kwa hivyo huoni chini ni wapi, na sijui kama hiyo ni afadhali ama ni mbaya zaidi. Si kitu cha kupanda na vifaa, wapandaji wa mawe wangecheka, lakini kwa mtu wa kawaida na viatu vya mtumba ni mikono na magoti. Kuna mahali inabidi uvuke bega la mwamba, upana wake kama meza ya darasani, umekaa kama unapanda farasi, unajisukuma na makalio. Binamu, huyo shujaa, akafika hapo akasimama. Akaangalia mwenyeji kiunoni. Akasema, kaka, leta hiyo kamba.

Mwenyeji akaishika kamba yake, akaangalia jiwe, akaangalia binamu. Akasema, hii si ya watu.

Alafu akavuka na sandali zake kama anavuka barabara.

Nilivuka mimi wa pili. Sijui kwa nini, nadhani ni aibu, wanafunzi wangu huniona mkali. Nilifunga macho nusu, nikawa nahesabu meza ya saba, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, nilipofika sitini na tatu mkono wa mwenyeji ukanishika kwapa ukanivuta. Mhasibu akaja, analia kidogo, hakatai. Binamu alibaki upande ule akisema analinda mabegi. Analinda kutoka kwa nani hakusema.

Juu kabisa kuna mawe tu, na nafasi ya watu wanne wakisimama karibu. Hatukuona kitu. Sifuri. Nyeupe pande zote, kama umefungiwa ndani ya gunia la pamba. Simu ya mhasibu ilisema 2,749 alafu 2,760 alafu ikazima kwa baridi. Nilikua nimetembea siku nne kuja kuangalia ukungu. Mwenyeji akapiga ule mluzi wake mara mbili, akaskiza na kichwa ameinamisha, akatikisa kichwa. Nikamuuliza, hakuna nyati? Akasema, nyati gani?

Kurudi ni mbaya kuliko kupanda na sitaeleza.

SIKU YA TANO, Kosikosi

Mpango wetu ulikua kushuka. Mwenyeji ndo alisema twende kwanza Kosikosi, upande wa kaskazini, tutaona ziwa. Alisisitiza sana. Binamu ambaye alikua na deni la jana akakubali haraka, tukaenda.

Njiani tukapita manyatta mbili huko huko juu, na kila mahali mwenyeji anasimama anasalimia, na salamu zao si za haraka, unauliza watu, unauliza mvua, unauliza mifugo, na hapo kwa mifugo ndo wanakaa. Dakika ishirini, thelathini. Anachora kitu kwa hewa na mkono, pembe hivi, moja imepinda. Mimi nakunywa chai ya maziwa mengi, sijali kitu.

Kosikosi tukafika saa nne na ukungu ukafunguka kama pazia.

Nilikaa chini. Miguu ilikataa. Chini ya ule ukingo jangwa linaanza tena moja kwa moja, hakuna kitu katikati, msitu alafu hewa alafu lava nyeusi. Kushoto Suguta yote, na Ziwa Logipi linang'aa kama bati. Mbele ni Ziwa Turkana, ncha yake ya kusini, rangi ile si bluu si kijani, na kati ya ziwa na Suguta ule ukuta wa volkano zilizochomeka. Kulia kwa mbali Mlima Kulal, nao umevaa kofia yake. Na huko chini upande wa Sarima, ukikaza macho, vijiti vyeupe vingi vingi, mitambo ya upepo, iko 365, megawati 310, iliunganishwa na umeme wa taifa 2018. Hapo ndo nikaelewa kwa nini waliweka hapo, maana upepo ulikua unanisukuma mgongoni bila kupumzika hata sekunde. Unapita hapa kati ya milima kama maji kwa mfereji. Cha kuchekesha ni kwamba zile manyatta nilizopita zinatumia kuni na tochi, na umeme unapita huko chini kwa nyaya unaenda Suswa.

Machi 1888 Wazungu wawili, Teleki wa Hungaria na von Höhnel wa Austria, walipita huku chini ya Nyiru na msafara wao wakaliona hilo ziwa, wakaliita Rudolf, jina la mtoto wa mfalme wao. Likakaa na hilo jina hadi 1975. Najaribu kufikiria huyo Rudolf kwao Ulaya, hajawahi kukanyaga hapa, na wakati huo kuna mchungaji amesimama hapa nilipokaa anaangalia ile vumbi ya msafara inapita na kujiuliza hao watu wamepoteza nini. Wapagazi wao wengi walikua watu wa pwani, kwa hivyo Kiswahili kilipita hapa miaka hiyo yote, labda na malalamiko haya haya ya miguu.

Mwenyeji yeye hakuangalia ziwa. Alikua amegeuka upande mwingine, anachungulia mabonde ya mashariki, mkono juu ya macho.

SIKU YA SITA, kushuka South Horr

Sasa kiburi. Kwa sababu tumejua juu kuna maji, tulimwaga zile jerikeni mbili zilizobaki asubuhi, hata mhasibu alikubali, akaandika hasara kwa simu. Tukashuka na chupa moja moja ya nusu lita. Hakuna aliyekumbuka kwamba tukishuka tunatoka kwa maji tunarudi jangwani.

South Horr ni mji mdogo chini ya mlima upande wa mashariki, na upande huo ni mkali kuliko wa Tuum. Magoti yangu yalianza kutetemeka saa mbili asubuhi na hayakuacha. Unashuka kwa korongo, mawe yanabingirika, wa nyuma anapiga kelele "jiwe!" na wa mbele analala kwa ukuta. Mhasibu alikanyaga jiwe likamtoka, akateleza kama mita tatu kwa mgongo, suruali ikabaki nusu, ngozi ya kiwiko ikabaki yote pale. Nikamfunga na leso yangu. Saa tano maji yalikua yameisha. Saa sita ulimi wangu ulikua kama kipande cha kadibodi. Miti ile mikubwa iko juu kule, naiona, kijani, baridi, na mimi hapa natafuta kivuli cha mgunga usio na majani. Sikua na nguvu hata ya kulaumu mtu, na mtu wa kulaumiwa ni mimi.

Mwenyeji akapiga mluzi wake.

Na kitu kikajibu. Mlio wa chini, mrefu, kutoka nyuma ya mawe. Mwenyeji akakimbia, sijawahi kumwona akikimbia siku zote hizo, akaruka mwamba akapotea. Tukabaki tumesimama. Alafu tukaskia anaimba, si kuongea, anaimba, kwa sauti nyororo kabisa. Tukazunguka tukamkuta amekumbatia shingo ya ng'ombe. Ng'ombe wa kijivu, mwembamba, pembe moja imepinda chini. Akafungua ile kamba kiunoni akamvisha.

Wiki tatu alikua amepotea. Alipotea kutoka Tuum. Mzee ndo alisema siku ile, hawa wageni hawatafuti kitu, basi nenda nao, wana sukari na wanalipa, pitia Kosikosi.

Na ng'ombe huyo ndo alijua maji yako wapi. Hatukushuka tena na njia ya mwenyeji, tulishuka na njia ya ng'ombe, yeye mbele na kamba yake, sisi nyuma watu watatu tumefuata mkia, na kama nusu saa hivi akatufikisha kwa kijito kinashuka upande wa South Horr. Nikalala kifudifudi nikanywa kando yake, mdomo wake na mdomo wangu karibu unagusana, sikujali.

Jioni South Horr, chini ya migunga mikubwa, tukamlipa mwenyeji. Siku nne, elfu mbili mia tano kwa siku. Mhasibu akahesabu noti mara mbili na mkono mmoja, ule mwingine umefungwa leso, akaandika kwa simu, alafu akainua kichwa.

"Kwa hivyo sisi tumelipa elfu kumi kumsaidia mtu kutafuta ng'ombe."

Mwenyeji akakunja pesa akazifunga kwa ncha ya shuka. Akafikiria kidogo, akaangalia mlima.

"Ndama bado," akasema. "Mtarudi lini?"